Vifuo Viko Vingapi?

Mhadhara kwa walimu wa hisabati na wazazi wa shule za msingi

Nimeombwa niseme juu ya yale mafumbo ya hesabu ambayo watu wazima wengi humu ukumbini wamekwisha kuyasahau, ila hawajasahau yalivyowatesa: mabomba mawili yanajaza tangi, mafundi wawili wanajenga ukuta, watatumia muda gani wakishirikiana. Naomba nianze kwa kosa langu mwenyewe.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa nafundisha darasa la saba katika shule moja ya pwani. Siku hiyo nilichoka na mabomba, kwa kuwa pale kijijini bomba lenyewe lilikuwa moja, tena kavu. Nikaandika ubaoni: mzee anafua rundo la nazi 480 kwa saa 4. Mpwa wake analifua rundo kama hilo kwa saa 6. Wakifua pamoja, watatumia muda gani? Wengi waliandika 10. Wachache waliandika 5. Binti mmoja hakuandika kitu. Alinyoosha mkono akauliza: “Mwalimu, vifuo viko vingapi?”

Darasa zima likacheka. Nami nikamwambia akae chini afanye hesabu.

Kwa wageni wa bara: kifuo ni kile kijiti kilichochongwa ncha na kusimikwa ardhini, ambacho mfuaji hukitumia kuivua nazi makumbi yake. Hukaa mtu mmoja kwenye kifuo kimoja. Nitamrudia binti huyo. Kwanza tuwashughulikie wale wa 10 na wa 5, maana ndio walio wengi hadi leo.

Aliyeandika 10 ameona namba mbili na neno “pamoja”, akajumlisha. Msimlaumu. Ni sisi tuliomwambia tangu darasa la kwanza kwamba “pamoja” maana yake kujumlisha. Dawa yake ni swali moja tu: mzee akiwa peke yake alimaliza kwa saa 4, sasa amekuja mpwa kumsaidia na kazi imekuwa ya saa 10. Je, mpwa huyu amekuja kufua nazi au kuzivisha makumbi upya? Watoto hucheka, na kicheko hicho hufundisha kuliko ukurasa wa kanuni.

Wa 5 ni mtoto mwenye akili zaidi, na ndiyo maana kosa lake ni gumu kung’oa. Amehisi kwamba jibu lazima liwe katikati, akatafuta wastani. Lakini hata hiyo 5 ni zaidi ya 4. Mzee bado angefanya vizuri zaidi kwa kumfukuza mpwa.

Kwa hiyo, kabla ya kushika kalamu, makisio. Muulizeni mtoto: kama wote wawili wangekuwa na mkono wa mzee, wangemaliza kwa muda gani? Saa 2. Na kama wote wangekuwa na mkono wa mpwa? Saa 3. Basi jibu limo kati ya 2 na 3, halina pa kutorokea. Mimi humpa alama mtoto anayefika hapo hata akikwama mbele yake. Hesabu inayofuata ni ya kutafuta dakika tu.

Sasa njia. Muda wa mtu na muda wa mwenzake haujumlishwi. Kinachojumlishwa ni kazi yao katika muda uleule. Vitabu vyetu hukimbilia sehemu hapo hapo: mzee anafanya robo ya kazi kwa saa, mpwa anafanya sudusi, robo na sudusi ni 5/12, kwa hiyo saa ni 12/5. Ni sawa kabisa, ila nusu ya darasa imekwisha kulala. Mtoto anayeogopa sehemu hajui kama ameshindwa na fumbo au ameshindwa na asili ya 12.

Mimi hufanya hivi. Badala ya kuipasua kazi, naurefusha muda. Nampa mzee marundo mengi, na mpwa marundo mengi, kila mmoja na upande wake, wafue kwa saa 12. Kwa nini 12? Kwa sababu 4 na 6 zote zinaingia humo bila baki. Ndiyo KDS, kigawe kidogo cha shirika, tuliyoifundisha muhula uliopita na mtoto akajiuliza ina kazi gani duniani. Katika saa 12 mzee amemaliza marundo 3, mpwa marundo 2. Marundo 5 kwa saa 12. Rundo moja, basi, ni 12 gawanya kwa 5, yaani saa 2 na dakika 24. Tumefika bila robo wala sudusi.

Niliwahi kujivunia njia hii kama yangu. Baadaye nikakuta kwamba Wachina walikuwa nayo tangu zamani sana. Kipo kitabu chao cha kale kiitwacho Sura Tisa za Sanaa ya Hesabu, ambacho mwaka 263 mwanahisabati Liu Hui alikiandikia ufafanuzi mashuhuri. Katika sura ya sita kuna bwawa lenye mifereji mitano. Wa kwanza unalijaza kwa theluthi ya siku, wa pili kwa siku 1, wa tatu kwa siku 2 na nusu, wa nne kwa siku 3, wa tano kwa siku 5. Ikifunguliwa yote, bwawa litajaa kwa muda gani? Kitabu kinatoa njia mbili. Ya kwanza ni kuhesabu kila mfereji hujaza bwawa mara ngapi kwa siku moja, kisha kujumlisha. Ya pili, kwa maneno ya leo, ni huku kurefusha muda: chukua siku 15, mfereji wa kwanza utajaza mabwawa 45, wa pili 15, wa tatu 6, wa nne 5, wa tano 3. Jumla mabwawa 74 kwa siku 15, kwa hiyo bwawa moja ni 15/74 ya siku. Mtu aliyeketi na vijiti vyake vya kuhesabia miaka mingi kabla ya Liu Hui alijua kwamba mwanafunzi hatapenda kuanza na theluthi.

Hapa niseme neno juu ya kanuni ya mkato, ile ya “zidisha juu, jumlisha chini”. Kwa wawili inafanya kazi: 4 mara 6 ni 24, gawanya kwa 10, unapata 2.4. Mwanafunzi huikariri kwa furaha. Mletee mfuaji wa tatu, wa saa 12, uone. Atazidisha 4 kwa 6 kwa 12 apate 288, ajumlishe 22, agawanye, na atakuambia bila haya kwamba watu watatu watatumia zaidi ya saa 13. Hiyo ni zaidi hata ya yule mvivu wa mwisho akiwa peke yake. Kwa njia ya marundo hakuna linalobadilika: katika saa 12 ni marundo 3, na 2, na 1. Marundo 6 kwa saa 12, rundo moja saa 2.

Wagiriki nao walikuwa na la kwao, na hili nalipenda kwa sababu linatuhusu sisi wenye saa za Kiswahili. Katika mkusanyo wao mkubwa wa tungo fupi, kitabu cha 14, mna mafumbo ya hesabu yaliyowekwa katika mashairi. Mojawapo linahusu simba wa shaba anayetoa maji. Jicho la kulia hujaza chombo kwa siku 2, la kushoto kwa siku 3, unyayo kwa siku 4, na kinywa kwa saa 6. Vikitoa maji vyote kwa pamoja, je?

Swali jepesi, hadi uulize: siku ni saa ngapi? Ukisema 24, kinywa hujaza vyombo 4 kwa siku, na jibu ni 12/61 ya siku, kama saa 4 na dakika 43. Lakini Mgiriki wa kale aliugawa mchana saa 12, kuanzia macheo hadi machweo, kama tunavyofanya sisi hadi leo. Siku ikiwa ni huo mchana wa saa 12, kinywa hujaza vyombo 2 tu kwa siku, na jibu ni 12/37, muda usiofika saa 4. Fumbo moja, majibu mawili, na yote sahihi. Sisi tuna neno la kuondoa utata huo, nalo ni kutwa. Kibarua akikuambia atalima shamba lako kwa siku tatu, anasema kutwa tatu; hajakuuzia usiku wake. Kama mtunga mtihani angeandika “kutwa” pale anapomaanisha kutwa, machozi kadhaa yangepungua.

Na nikitaja kibarua, neno lenyewe ni barua ndogo: cheti alichopewa mfanyakazi wa kutwa, cha kumwonyesha mlipaji jioni. Ndiyo hesabu yetu nzima katika neno moja, siku ya mtu mmoja imefanywa karatasi inayojumlishika. Vibarua 6 kwa siku 10 ni vyeti 60. Ukitaka vibarua 15, vyeti ni vilevile 60, basi siku 4. Vibarua 60, siku 1. Endelea: vibarua 600, sehemu ya kumi ya siku. Hapo mwenye shamba anashtuka, kwa sababu watu 600 kwenye shamba la vyeti 60 watamaliza kukanyagana kabla ya kumaliza kulima. Hesabu haikukosea mahali popote. Ni sisi tulioendelea kujumlisha baada ya ruhusa ya kujumlisha kwisha.

Mtaniambia: basi tubaki na mabomba, maji hayakanyagani. Naomba tukae kidogo kwenye tangi, maana hapa ndipo nilipoaibika kweli.

Fumbo la kawaida: bomba hujaza tangi kwa saa 5. Tangi lina tundu chini, na likijaa kisha bomba likafungwa, maji yote huisha kwa saa 8. Bomba likiwa wazi na tundu linavuja, tangi tupu litajaa kwa muda gani? Darasani tunarefusha hadi saa 40: bomba linaleta matangi 8, tundu linapoteza 5, yanabaki 3. Matangi 3 kwa saa 40, tangi moja saa 13 na dakika 20. Nimeliandika jibu hilo ubaoni mara nyingi kuliko nilivyoandika jina langu.

Sasa nendeni kwenye tangi la kweli. Maji yakiwa mengi, tundu la chini linarusha kwa nguvu, yakipungua, linadondosha. Mtaliano Evangelista Torricelli aliliandika jambo hili mwaka 1644: kasi ya maji yanayotoka hufuata kipeuo cha pili cha kina. Kina kikishuka hadi robo, kasi inashuka hadi nusu. Matokeo yake, kwa tangi lenye kuta zilizonyooka, ni kwamba linapokuwa limejaa huvuja kwa kasi mara mbili ya wastani wake. Tundu letu la saa 8 lina wastani wa tangi 1/8 kwa saa. Tangi likijaa, basi, linapoteza 1/4 kwa saa. Na bomba linaleta kiasi gani? 1/5.

Mmeona? Tangi hili halijai. Si kwa saa 13, wala 30, wala mwaka. Maji yatapanda, yatapunguza mwendo, na yatagota pale ambapo kinachoingia ni sawa na kinachotoka. Ni pale kipeuo cha kina kinapokuwa 0.8, yaani kina kikiwa asilimia 64. Kila mama mwenye tangi bovu nyumbani analijua hilo bila Torricelli: maji hufika kwenye alama fulani, yakakaa hapo, na bili ikaendelea kupanda. Kitabu kinasema saa 13 na dakika 20.

Sisemi tuchome vitabu. Fumbo linasema, bila kulitamka, “tuchukulie kwamba tundu linavuja sawasawa wakati wote”, na mwenye kukubali sharti hilo anapata jibu sahihi. Ninachotaka ni lile sharti litamkwe. Newton alilielewa hili. Katika kitabu chake Arithmetica Universalis cha 1707 limo fumbo la ng’ombe: 12 wanamaliza malisho ya eneo fulani kwa wiki 4, 21 wanamaliza eneo lingine kwa wiki 9, je wangapi watamaliza la tatu kwa wiki 18? Fumbo la kivivu lingeyachukulia majani kama rundo la nazi, yamekatwa yamewekwa. Newton alikumbuka kwamba majani yanaota wakati ng’ombe wanakula, akaliweka hilo ndani ya swali. Jibu likatoka 36. Mfugaji yeyote angemsahihisha kama angesahau.

Kuhusu watu nitapita haraka, kwa sababu mnawajua. Maximilien Ringelmann, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, alichapisha mwaka 1913 vipimo vya watu wanaovuta kamba. Ukichukua nguvu ya mtu mmoja kuwa 1, watu 8 kwa pamoja hawakutoa 8. Hawakufika hata 4. Kwa sehemu hawavuti kwa mpigo mmoja, na kwa sehemu kila mmoja anamwachia mwenzake. Wavuvi wetu huvuta nyavu kwa wimbo, na nadhani wimbo ule una kazi ya kihisabati: unawafanya wajumlishike. Wakulima nao hupima ngwe, kila mtu na kipande chake, ionekane nani amelala. Na pale watoa amri wanapozidi wavutaji, wahenga wamekwisha sema kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama.

Turudi kwa binti na vifuo vyake.

Vifuo vikiwa viwili, jibu ni lile letu: saa 2 na dakika 24. Mzee anafua nazi 120 kwa saa, mpwa 80, jumla 200. Kwa muda huo mzee atakuwa amefua 288 na mpwa 192, na ujira ugawanywe hivyo hivyo, 3 kwa 2.

Kifuo kikiwa kimoja, wakapokezana saa moja moja kwa haki, mzee akianza: baada ya saa 2 wamefua 200, baada ya saa 4 wamefua 400. Zimebaki 80, ni zamu ya mzee, dakika 40. Jumla saa 4 na dakika 40. Mzee peke yake angemaliza kwa saa 4. Wale watoto niliowacheka kwa kusema mpwa anaongeza muda walikuwa na ukweli wao mahali fulani, ila hawakujua ni wapi. Binti alijua.

Ilinichukua wiki nzima kuukubali ukweli huo. Jioni moja nikapita kwao. Nilimkuta baba yake kwenye kifuo, na kifuo kilikuwa kimoja. Nikapiga hodi, nikamwamkia, nikapewa kigoda. Mkononi nilikuwa na saa, na tabia ya mwalimu haiishi: nikawa nahesabu kimyakimya. Peke yake, mzee alikuwa anafua nazi 2 kwa dakika. Anainama, anaokota, anapiga mara mbili tatu, anang’oa, anatupa, anasukuma makumbi kwa mguu, anainama tena.

Kisha binti akarudi kutoka kisimani, akatua ndoo, akaketi upande wa kulia wa baba yake. Hakushika kifuo hata mara moja. Alimsogezea nazi mkononi, akaiondoa iliyofuliwa, akayavuta makumbi pembeni, na kila zikifika tano akachora mstari wa mkaa ukutani. Mzee hakuinama tena. Nikahesabu upya: nazi 5 kwa kila dakika 2. Kwa saa ni 150. Rundo la 480 la saa 4 likawa la saa 3 na dakika 12.

Jaribuni kuliweka hilo kwenye kanuni yangu ya ubaoni. Mzee, robo ya kazi kwa saa. Binti, nazi sifuri kwa saa. Rundo lile akiachiwa peke yake bila kifuo halimalizi maisha yake yote. Robo ongeza sifuri ni robo. Saa 4. Na mbele yangu kazi ilikuwa inakwisha mapema kwa dakika 48.

Nikamuuliza mzee: kama nazi hizi zote 480 zingekuwa za kulipwa, fungu la binti lingekuwa nazi ngapi? Hakuinua kichwa. “Muulize mwenyewe,” alisema. “Ndiye mshika hesabu.”

Binti alitazama mistari yake ya mkaa.

“Tisini na sita, mwalimu,” alisema. “Kila nazi tano, nne angezifua hata nisingekuwepo.”